Kwa Nini Sista Aliondoka Wodini

KAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mwenzangu katika kipindi hiki alikuwa muuguzi kabla ya kushika kipaza sauti, na leo nimemwomba azungumzie jambo ambalo kwa kawaida hulikwepa. Sista, kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Ulikuwa wapi?

SISTA: Nilikuwa kwenye zamu ya usiku katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Majuma machache baadaye tulianza kupewa gauni moja la kujikinga kwa zamu nzima, na kwa kuwa ukilivua hupati jingine, tulijizoeza kutokunywa maji tangu jioni hadi alfajiri. Nyumbani nilivulia nguo uani na kuziloweka papo hapo kwenye beseni la sabuni, huku mwanangu akiuliza kutoka nyuma ya pazia kama sasa anaweza kuniamkia. Na huo, kwa taarifa yako, ulikuwa umetengwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Muuguzi na Mkunga.

KAKA: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,500 walifariki kwa korona duniani kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Je, ni hofu ya kifo iliyokuondoa?

SISTA: Hapana, Kaka. Hofu tuliizoea. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba uchovu wa kazini una sura tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Ile ya kwanza niliipunguza kwa usingizi, lakini ya pili sikuiweza. Niliitambua siku nilipomshikia simu mgonjwa aliyekuwa akiagana na mkewe kwa video, nami kichwani nikawa nahesabu dripu zilizosalia kabatini.

KAKA: Kisha ukaja mgomo.

SISTA: Desemba 2020, tukidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na posho ya hatari, na ukavuka mwaka. Waliotuita mashujaa mwezi Aprili ndio waliotuambia kwamba tumewatelekeza wagonjwa.

KAKA: Hata hivyo, ushauri nasaha haukusaidia?

SISTA: Siubezi, kwa maana ulimsaidia mwenzangu aliyekuwa hapati usingizi. Ila mshauri hawezi kukupa mwenzako wa zamu. Ukitoka kwake unawakuta wagonjwa wale wale thelathini wakikusubiri peke yako. Kinachoniuma ni kwamba wauguzi waliohitimu walikuwepo mitaani bila ajira, na baadhi ya walioajiriwa mwaka huo walipewa mikataba ya muda tu. Julai 2021 Kenya na Uingereza zikatia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wetu huko. Simlaumu aliyekwenda, kwani hata mimi nilizijaza fomu, nikaishia njiani kwa sababu ya mama yangu.

KAKA: Ukiitwa leo, utarudi?

SISTA: Nimekwisha kuitwa. Matroni wangu wa zamani alinipigia simu, nami nikamuuliza swali moja tu, kwamba usiku tutakuwa wangapi. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: “Wawili, mwenzako asipougua.” Bado sijampa jibu.