Kazi ya Uwanjani Ballarat: Nawajibu Leo, Yaishe

Haya jamani, hamjambo? Leo sina mapishi wala matembezi. Kila nikifungua maoni nakuta lilelile: "Tuunganishie kazi hapo uwanjani." Ni tangu niweke ile klipu nimevaa kizibao cha kung'aa, nasimamia mashabiki pale uwanja wa Mars Stadium. Kuna walioshasema najigamba. Nikieleza ilivyo mtasema nalalamika. Semeni tu, nishazoea.

Ballarat, huku Australia, si Melbourne. Ni zaidi ya kilomita 100 magharibi yake, mji uliokua kwa dhahabu ya 1851. Jina la uwanja ni la kampuni ya chokoleti yenye kiwanda hapahapa. Unaingiza watu kama 11,000, wakati MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, unabeba 100,000. Ila ligi kuu yenyewe ya mpira wa Kiaustralia, AFL, inafika hapa tangu 2017, timu ya Western Bulldogs inapoleta baadhi ya mechi zake za nyumbani. Baadhi, nimesema! Kwa mwaka mzima utazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vibaki. Sasa kodi ya nyumba utailipa kwa siku hizo?

Tena mimi nina visa ya mwanafunzi. Wakati wa masomo mwisho wangu ni saa 48 kwa wiki mbili, na za uwanjani zimo humohumo. Nikichukua zamu ya mechi, naacha ya kwenye nyumba ya wazee, na hiyo ndiyo inayonilisha.

Halafu makaratasi. Pasi yangu ina majina matatu, benki imeandika mawili, na wakala aliyenipeleka uwanjani akasema mimi si mimi. Pesa zangu zikakaa kwake wiki kadhaa. Nyumbani nako ami yangu anawaambia watu, "Huyo yuko kwenye mechi, anastarehe." Ami, mimi nasimama nimeupa uwanja mgongo, naangalia mashabiki! Na upepo wa huku, mtoto wa Likoni mimi, unapenya soksi mbili.

Mnaosema hizo ni fujo si mpira: watu 18 kila upande, milingoti minne, ukipiga mpira ukapita kati ya miwili ya katikati ni pointi 6, ukipita kati ya wa katikati na wa pembeni ni 1. Mtazoea. Na anayeuliza kama kuna wa kwetu, mtafute Aliir Aliir, beki wa timu ya Port Adelaide. Wazazi wake ni wa Sudan Kusini, yeye kazaliwa Kakuma, Turkana hiyohiyo yetu.

Sasa msiseme nimewakataza kuja. Hii ni hali yangu mimi na visa yangu mimi. Mwenye ukaazi wa kudumu, hana kikomo cha saa, huenda siku ya mechi kwake ni nyongeza nzuri tu. Muulizeni yeye.

Na wewe unayeomba jezi ya Bulldogs kila wiki, nimekuona. Tuma kwanza pesa ya posta.