Kizuri chajiuza? Mimi changu kililala dukani miaka mitano

Halo, halo. Mnanisikia vizuri? Nimekaa kibarazani kwangu hapa Kireka, ukitoka Kampala kwa barabara ya Jinja. Leo Jumapili, mvua imekatika sasa hivi, na mkononi nina rolex yangu. Kwa mgeni wa chaneli: rolex ya huku si saa, ni chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya. Nitaongea huku natafuna, mnisamehe.

Tangu niweke ile picha ya barua yangu ya kupandishwa cheo, meseji hazikatiki. "Dada, cheo ugenini umekipataje? Nani kakushika mkono?" Na mmoja wa hapo hapo kwetu Tanga, Ngamiani, sitamtaja, kauliza kama nimeolewa na bosi. Sijaolewa na bosi. Bosi ana wajukuu.

Haya, kisa chenyewe. Niko kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, upande wa Nakawa, jina tuliache. Uganda haina bahari, mnajua. Mzigo wake unashukia Mombasa au Dar. Ya Mombasa ndiyo njia iliyozoeleka, kama kilomita 1,170 hadi Kampala. Ya Dar inazidi 1,600: Dodoma, Nzega, Kahama, Biharamulo, halafu unatokea Mutukula mpakani. Ndefu, lakini wafanyabiashara wa huku hawaiachi. Wanakumbuka mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipochafuka baada ya uchaguzi, reli ikang'olewa pale Kibera, na petroli Kampala ikawa ya kutafuta kwa tochi.

Niliajiriwa 2019, karani wa nyaraka. Kazi yangu kuingiza taarifa za mzigo kwenye mfumo wa forodha wa hapa, ASYCUDA. Kutwa macho kwenye kioo, jioni yamekuwa mekundu kama ya mvuvi wa dagaa. Na Kiswahili changu kilikuwa kichekesho cha ofisi. Huku watu wengi wa makamo wanakiona lugha ya wanajeshi na ya majambazi. Nikipokea simu kwa Kiswahili, jamaa wa meza ya pili ananyoosha mikono juu: "Afande, usipige!" Tunacheka wote. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, akaja na soda, anataka nimfundishe salamu.

Lakini simu za madereva zilinijia kabla ya hapo, mwaka 2020, wakati wa korona. Mnakumbuka madereva wa malori walivyoogopwa mipakani? Watu wanawakimbia kama wana ukoma, na wao wako kwenye foleni ya kupimwa siku mbili, tatu, maji hakuna. Ofisi inawapigia: "Uko wapi? Mbona hujafika?" Jibu ni moja tu, "Njiani." Unamuuliza mtu mzima wa miaka hamsini na kitu uko wapi, hata shikamoo hujampa, unategemea akwambie nini? Basi wakawa wananipa mimi simu. Shikamoo baba, poleni na safari, mmekula? Dakika tatu za salamu, ya nne ukweli wote unao.

Kuna usiku mmoja wa Ramadhani siusahau. Gari letu limezuiwa Mutukula: namba ya sili, ile lakiri ya kufungia mlango wa kontena, kwenye nyaraka haifanani na iliyo kwenye kontena lenyewe. Hiyo ni hatari, maana tafsiri ya haraka ni kwamba dereva kafungua mzigo njiani. Supavaiza kampigia mara nne, kwa ukali. Mara ya tano simu imezimwa. Saa nne usiku nikampata kwa simu ya tingo wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mmefuturu?"

Akanyamaza. Halafu: "Tumefuturu maji, mwanangu. Tunaitwa wezi."

Nikamwambia, baba, chukua tochi, nenda nyuma ya gari, nisomee hiyo sili tarakimu moja moja kama unamsomea mtoto. Namsikia anatembea kwenye kokoto. "Tatu. Nane. Nane..." Kwenye karatasi yangu: tatu, nane, tatu. Kosa letu! Limechapwa na mwenzangu, na siku nyingine lingekuwa langu. Kodi ya Uganda siku hizi hulipwa mzigo ukiwa bado bandarini, kwa hiyo karani akikosea tarakimu moja Kampala, anayelala mpakani ni dereva. Tukaomba marekebisho usiku huo huo, kesho yake mchana gari likapita.

Jumatatu kikaoni supavaiza akasema, "Lile la Mutukula tulilitatua usiku ule ule." Tulilitatua. Na mimi nikatikisa kichwa, hee, kama vile nampongeza.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nimelelewa Tanga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bibi alikuwa anatuambia hivyo akiona mtoto wa kike anajinadi, na mimi nikaingia nayo ofisini mzima mzima. Huku wenzangu mtu akipanga mafaili tu anaandika barua pepe kwa watu sita. Nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Wakapandishwa wawili, mmoja nilimfundisha mimi pa kubonyeza. Siku hiyo nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa anauza vitumbua. Kitumbua kinanukia. Karatasi hainukii.

Sasa, kujisifu siwezi, mdomo haunipi. Nikanunua daftari la kurasa 96. Hili hapa, mnaliona? Limelowa chai. Kila gari nililolishughulikia: tarehe, namba, tatizo, limekwama saa ngapi, limetoka saa ngapi. Basi. Niwasomee mmoja: "12 Juni. Kyaka. Springi ya tela imekatika. Mteja kaambiwa kabla hajauliza." Hamna hata neno la sifa humo. Miezi minane, magari 63.

Nikaomba kumwona bosi. Najua wengine mnataka niseme niliingia kifua mbele. Niliingia nikasema samahani nakusumbua mara tatu kabla sijakaa. Nikamwekea daftari, nikamwambia naomba kazi za Dar zitengewe dawati la peke yake, na dawati nilishike mimi. Akafunua taratibu, akalamba kidole, akafunua. Akauliza, "Nnyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "haya yote ulikuwa unayafanya lini?" Usiku, nikamjibu. Kumbe kwenye karatasi zake mimi ni karani anayechelewa kufika asubuhi!

Hakunipa siku hiyo. Alisema mkuu wa dawati lazima awe na cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kile cha FEAFFA, shirikisho la vyama vya mawakala wa mizigo, na mamlaka za mapato. Sikuwa nacho. Nilikasirika kidogo, nikaona ananizungusha, ila kusema kweli alikuwa sahihi. Kuna mambo ya uthamini wa bidhaa nilikuwa nayafanya kwa mazoea tu, sijui hata kwa nini. Nikakisoma. Barua ikatoka Februari 2025.

Na sasa tuzungumze hela, maana ndugu zangu mmeshaanza kuagiza simu. Mshahara ulikuwa milioni moja na nusu ya Uganda, sasa ni milioni mbili na laki nne. Kwanza, milioni ya Uganda si milioni yetu: hizo mbili na laki nne ukizibadilisha hazifiki milioni mbili za Tanzania. Pili, kodi. Kwa mshahara wangu, kila shilingi iliyoongezeka inakatwa asilimia 30, na NSSF asilimia 5. Laki tisa za nyongeza, zilizonifikia mkononi ni 585,000. Toa nauli, toa kodi ya nyumba iliyopanda mwezi ule ule, sijui mwenye nyumba alinusa wapi. Kwa hiyo binamu yangu wa Muheza, ile orodha yako nimeiona. Nimeiona tu.

Yule supavaiza tunasalimiana vizuri. Juzi gari lake limekwama Malaba, mpakani na Kenya, kaniletea simu mwenyewe: "Dada, msalimie huyu mzee kwanza."

Mama nilimpigia jioni ile ile ya barua. Nikamwambia, mama, nimepandishwa cheo, sasa zile simu za usiku za madereva ndiyo kazi yangu rasmi. Akakaa kimya, nasikia anapepeta mchele. Akasema, "Kwa hiyo sasa watakulipa?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Nilidhani siku zote walikuwa wanakulipa."