Kupooza kwa Namna Mbili: Mhadhara Kuhusu Umeme na Misuli

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa fiziotherapia mliojaza ukumbi huu,

Lugha yetu ina neno moja, kupooza, na neno hilo tunalitumia kwa mtoto aliyeugua polio, kwa mzee aliyepatwa na kiharusi, na kwa kijana aliyevunjika uti wa mgongo baada ya kuanguka kutoka juu ya mwembe. Katika mazungumzo ya nyumbani neno hilo linatosha. Katika kazi yenu halitoshi, na kabla sijasema lolote juu ya umeme tunaoutumia kusogeza viungo vilivyopooza, naomba tulipasue vipande viwili.

Amri ya kusogeza mguu hupita katika njia yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutoka ubongoni na kushuka ndani ya uti wa mgongo. Ya pili huanzia humo humo ndani ya uti, ikatoka nje kama neva na kuufikia msuli. Kiharusi huiharibu sehemu ya juu. Uti ukijeruhiwa kifuani, neva zinazokwenda miguuni, ambazo huanzia chini ya jeraha, kwa kawaida hubaki hai, ila hazina tena wa kuziamrisha. Polio hufanya kinyume, kwani huua zile seli ambamo sehemu ya pili huanzia. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu umeme tunaoutumia hauukazi msuli moja kwa moja: huichochea neva, nayo neva ndiyo huukaza msuli. Mapigo yetu ya umeme ni mafupi mno, kwa kawaida chini ya nusu ya milisekunde (sehemu moja ya elfu ya sekunde) kila moja, kati ya 20 na 50 kwa sekunde, na msuli uliopoteza neva yake hauitikii mapigo mafupi namna hiyo. Nimewaona wazazi wa watoto wenye polio wakinunua mashine za umeme kwa fedha walizozikopa, na jambo hilo huniuma, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza habari ya neva.

Mwaka 1961, nchini Marekani, Wladimir Liberson na wenzake walieleza kifaa walichowatengenezea watu wa kiharusi ambao wayo huning'inia, hata ncha ya kiatu ikaburura chini kila wanapopiga hatua. Wekeni kidole chini kidogo ya goti, upande wa nje, mtagusa kifundo cha mfupa. Nyuma na chini yake inapita neva inayoinua wayo, karibu kabisa na ngozi. Liberson aliweka elektrodi hapo, yaani kipande kinachoingiza umeme mwilini, na swichi ndani ya kiatu, chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka, umeme unapita na wayo unainuka. Kisigino kikikanyaga, umeme unakatika. Vifaa vingi vya wayo vinavyouzwa leo bado vinafuata wazo hilo hilo.

Mkono ni mgumu zaidi. Huko Cleveland, katika jimbo la Ohio, Hunter Peckham na wenzake walitengeneza kifaa kilichoitwa Freehand kwa watu waliojeruhiwa shingo, ambao bega husogea lakini vidole havisogei. Elektrodi nane zilipandikizwa mkononi, na mtu alifungua na kufumba kiganja kwa kulisogeza bega la upande wa pili. Kilipata kibali cha serikali ya Marekani mwaka 1997, lakini miaka michache baadaye watengenezaji wakajitoa sokoni, na waliokuwa nacho mwilini wakabaki na wasiwasi wa vipuri. Nalitaja hili kwa uzito, kwa maana kifaa kinachopandikizwa ni ahadi ya miaka mingi.

Sasa juu ya uchovu. Ubongo huita kwanza nyuzi ndogo za msuli zinazovumilia, tena kwa zamu. Umeme wetu hukamata kwa urahisi zile kubwa, zenye nguvu na zinazochoka upesi, na huzikaza zote kwa pamoja, zile zile kila pigo. Ndiyo sababu mtu anayesimama kwa umeme huchoka upesi, na ndiyo sababu msuli uliolala miaka mingi hufanyishwa mazoezi kwa wiki kadhaa kabla ya kudaiwa kazi yoyote. Kwa aliyejeruhiwa uti kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, pimeni shinikizo la damu wakati wote, kwani linaweza kupanda ghafla na kwa hatari. Ikagueni pia ngozi, kwa sababu asiyehisi hatawaambia kwamba anaungua.

Mwaka 2017 Bolu Ajiboye na wenzake, huko huko Cleveland, walitangaza habari za mwanamume aliyepooza tangu mabegani kwenda chini. Vipokezi vilivyopandikizwa ubongoni vilisoma nia yake, kompyuta ikaigeuza kuwa mapigo, na elektrodi 36 zikazichochea neva za mkono wake, huku mkono ukiegemezwa na mtambo. Katika majaribio 12 ya kunywa kahawa kikombeni, alifaulu mara 11. Neva zilezile alizozaliwa nazo ndizo zilizofanya kazi.

Naomba sasa mmoja wenu aje mbele, avue kiatu cha kulia na kukunja suruali hadi juu ya goti, tuitafute ile neva kwa vidole kabla ya kuwasha mashine.