Njia Kuu Ikizibwa: Tunapobishana Kama Timu Yetu Ina Ubavu wa Kutwaa Ubingwa

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja.

Kila msimu wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ukifika katikati, ubishi wetu ni uleule. Mmoja anasema, "Mwaka huu kombe ni letu." Mwenzake anamjibu, "Nyie? Hamvuki raundi ya pili." Hapo panawaka. Wa kwanza anataja ushindi wa mechi nane mfululizo, wa pili anakumbusha kipigo cha wiki iliyopita kutoka kwa timu ya mkiani. Nimekaa kwenye ubishi huo miaka mingi na naupenda, kwa hiyo sikuja kuuzima. Nilichokuja kusema ni kwamba tunautumia muda mwingi kubishania ukubwa wa timu yetu, na swali lenyewe tunalipita. Swali ni hili: wapinzani wakituziba njia kuu, tuna kichochoro gani?

Nieleze. Msimu wa kawaida una mechi 82. Leo unacheza na hawa, kesho kutwa uko mji mwingine na wale. Kocha wa upande wa pili ana siku moja ya kukusoma, pengine hata hiyo hana, kwa hiyo anakuja na ukabaji wake wa kila siku. Timu yenye kitu kimoja kikali inaweza kuvuna hapo ushindi 55, hata 60, kwa kitu hichohicho. Kwenye mchujo wa kumpata bingwa mambo yanageuka. Raundi ni nne, kila raundi anavuka wa kwanza kushinda mechi nne, na mpinzani ni huyohuyo hadi mara saba. Kufikia mechi ya tatu ameshakariri. Anajua nyota wenu anapenda kupenyea upande gani. Anajua ni nani kati yenu anaweza kuachwa peke yake pembeni na mpira mkononi, na hakuna atakayeshtuka.

Tuwatazame Milwaukee Bucks, kwa sababu miaka yao mitatu inafundisha kuliko hoja zangu zote.

Msimu wa 2018–19 walishinda mechi 60, nyingi kuliko timu yoyote. Giannis Antetokounmpo akawa Mchezaji Bora wa msimu. Mchezo wao ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuzuia: Giannis anaanza mbio mbali na kikapu, hatua mbili tatu ndefu, yuko chini ya rimu, ukimsogelea wengi, anatoa mpira kwa mtupaji wa mbali, mtu wa pointi tatu. Walifika fainali ya Kanda ya Mashariki, moja ya kanda mbili za ligi ambazo washindi wake hukutana fainali kuu, wakawafunga Toronto Raptors mechi mbili za kwanza. Hesabu yao ya mchujo mpaka hapo: ushindi 10, kipigo kimoja. Shabiki wa Milwaukee aliyesema "kombe ni letu" usiku ule alikuwa na kila sababu.

Mechi ya tatu, kocha wa Toronto, Nick Nurse, akambandika nyota wake Kawhi Leonard kwa Giannis. Nyuma ya Kawhi wakapanga miili, ukuta kabisa, Marc Gasol akiwa katikati yake. Wale waliotakiwa kuwakaba watu wa pembeni waliwaacha kidogo na kurudi ndani kuziba. Giannis akikimbia anakutana na vifua vitatu. Eric Bledsoe wa Milwaukee, mkabaji mzuri sana, aliachiwa nafasi makusudi, na mitupo yake haikuingia. Mechi ile iliisha kwenye muda wa nyongeza wa pili, 118–112, Toronto juu. Milwaukee hawakushinda tena. Wakatolewa 4–2.

Mwaka uliofuata, 2020, wakaongoza ligi nzima tena, ushindi 56 na vipigo 17. Wakakutana na Miami Heat raundi ya pili. Ukuta uleule. Giannis aliumia kifundo cha mguu, ni kweli, lakini hata kabla hajatoka walikuwa nyuma mechi tatu bila. Mwisho wake 4–1.

Ndiyo maana nasema jedwali la msimamo ni shahidi wa nusu ya kesi. Kuna kipimo ambacho mashabiki wengi wanakijua, kinachohusishwa na kocha Phil Jackson: timu ya ubingwa hufikisha ushindi 40 kabla ya kufikisha vipigo 20. Nakiheshimu, kwa kuwa kinachuja wengi wasiostahili. Lakini Houston Rockets wa 1995 hawakukifikia, walimaliza na ushindi 47 na vipigo 35, wakachukua ubingwa wakitokea nafasi ya sita ya Magharibi. Milwaukee hao wa 2019 na 2020 walikipita kwa mbali na wakarudi nyumbani mapema.

Naomba tusimame kidogo kwenye dakika moja ya mwaka 2016, kwa sababu mtu akiniuliza "kuzibwa" maana yake nini, ndiyo ninayomwonyesha. Mechi ya saba ya fainali. Golden State Warriors, timu ya ushindi 73, ambayo ilikuwa mbele 3–1, sasa iko sare 3–3 na Cleveland Cavaliers. Ubao unasoma 89–89. Karibu dakika nne hakuna aliyefunga. Kyrie Irving wa Cleveland ana mpira na anakabwa na Klay Thompson wa Warriors, mkabaji mkali. Tazameni J.R. Smith, mwenzake Irving. Anatembea kwenda kusimama njiani kwa Thompson. Kwa nini Smith na si mwingine? Kwa sababu Smith ndiye aliyekuwa akikabwa na Stephen Curry, nyota wa Warriors. Cleveland hawakuwa wanatafuta nafasi ya Smith, walikuwa wanamtafuta Curry. Walinzi wakabadilishana watu, Irving akabaki na Curry mbele yake, akajisogeza kulia, akatupa. Pointi tatu, sekunde 53 zimebaki.

Curry huyo ndiye aliyekuwa Mchezaji Bora wa msimu kwa kura zote bila hata moja kupotea. Hiyo haikumkinga. Kwenye dakika za mwisho za mchujo, wapinzani wanamchagua wa kumshambulia, na ukubwa wa jina hauwazuii. Kisha angalieni kilichofuata: Warriors nao wakataka kufanya hivyohivyo, wakampata Kevin Love wa Cleveland, mtu mrefu, mzito, ambaye kila mmoja aliamini Curry atamwacha palepale. Love akateleza naye kulia, kushoto, mikono juu, hakuachwa. Mtupo ukatoka nje, na Cleveland wakatwaa ubingwa. Wanaobishana kuhusu ubingwa wajadili sekunde zile za Love. Mtu aliyedhaniwa kuwa tundu la timu alikataa kuwa tundu kwa shambulizi moja, na shambulizi hilo lilikuwa na thamani ya kombe.

Turudi Milwaukee, tafadhali, maana habari yao haikuishia ukutani.

Novemba 2020 walimtoa Bledsoe, George Hill na rundo la haki za kuchagua chipukizi wa miaka ijayo, wakamchukua Jrue Holiday kutoka New Orleans. Wengi walisema wameuza kesho yao yote. Halafu kocha Mike Budenholzer akafanya jambo ambalo linanigusa sana kama shabiki: katikati ya msimu alianza kujaribu ukabaji ambao timu haikuuzoea, ule wa kubadilishana watu, na kujaribu kuna gharama. Msimu ulikuwa mfupi, mechi 72. Walishinda 46, wakamaliza wa tatu Mashariki. Ukisoma jedwali tu, wamerudi nyuma. Kumbe walikuwa wanachimba vichochoro.

Bahati ilikuwepo, siwezi kuificha. Raundi ya pili Brooklyn Nets waliwakabili nyota wao James Harden akiwa anachechemea, na Kyrie Irving, ambaye sasa alikuwa kwao, akaumia kifundo cha mguu katikati ya raundi. Mechi ya saba, sekunde ya mwisho ya muda wa kawaida, Kevin Durant wa Nets aligeuka akatupa na mpira ukaingia. Ncha ya kiatu chake ilikuwa imekanyaga mstari wa pointi tatu. Zikahesabiwa pointi mbili badala ya tatu, sare 109–109, na Milwaukee wakashinda 115–111 kwenye nyongeza. Shabiki wa Nets ana haki ya kuumia na kiatu kile maisha yake yote. Lakini sikubaliani na anayesema ubingwa ule ulikuwa wa kiatu, na sababu yangu ni kilichotokea raundi iliyofuata.

Fainali ya Mashariki, mechi ya nne dhidi ya Atlanta Hawks, goti la Giannis lilipinda kwa nyuma. Picha ile ilikuwa ngumu kuitazama. Mechi ya tano na ya sita hakucheza. Hapa hatuzungumzii njia kuu kuzibwa, haikuwepo kabisa. Miaka miwili nyuma ningesema timu imekwisha. Mechi ya tano mwenzake Brook Lopez akafunga pointi 33. Mechi ya sita mwenzao Khris Middleton akafunga 32, 23 kati ya hizo katika robo ya tatu peke yake. Wakaenda fainali.

Kwa hiyo kesho mkirudi kwenye ubishi, ulizeni majina. Nyota akikalishwa chini, ni nani atakayetupa? Wakimtafuta mkabaji wetu dhaifu dakika ya 47 kati ya 48, tutamficha wapi, au tutamtoa, na akitoka tunapoteza nini? Anayejibu "tutaona tu" bado hajaijibu hoja ya mwenzake. Na yule anayesema hatuvuki raundi ya pili tusimwite msaliti. Huenda ameiangalia timu kwa upendo kuliko sisi, ameona ukuta kabla haujajengwa.

Milwaukee walianza fainali ya 2021 kwa kufungwa mechi mbili na Phoenix Suns. Mechi ya tano, wakiwa mbele kwa pointi moja tu na sekunde chache zimebaki, Holiday alimpora Devin Booker wa Phoenix mpira mikononi, akakimbia, akaurusha juu, Giannis akaudakia hewani na kuuzamisha. Bledsoe alikuwa ameuzwa kwa ajili ya usiku kama ule.

Na mechi ya sita. Udhaifu wa Giannis uliojulikana na kila mtoto ulikuwa mitupo huru, ile anayopewa aliyechezewa rafu, bila kukabwa. Ugenini mashabiki walikuwa wakimhesabia sekunde kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi kumi, kwa kuwa anachelewa kutupa, na mingi ilikuwa ikigonga rimu na kutoka. Usiku ule alitupa 19. Ikaingia 17. Alimaliza na pointi 50, Milwaukee wakashinda 105–98, ubingwa wao wa kwanza tangu 1971.