Kwa nini ovalei ya Photoshop inakataa ukiipeleka kwenye nodi

Haya jamani tusogeleane, hii mvua inapiga bati na mimi sina maiki. Wa Tukuyu mugonile, wa Iringa na Makambako kamwene, wa hapahapa Mbeya mambo.

Nianze na kilichonifikisha kwenye hii habari. Tulipiga harusi moja Mwanjelwa, picha za mnato nikazifanyia Photoshop vile ninavyopenda, leya ya pili, yaani tabaka la juu ya picha, nimeipiga blaa ya ukungu nikaweka skrini, juu yake rangi ya dhahabu kwa ovalei, hizo mbili ni namna za kuchanganya leya, zikatoka na joto flani hivi la saa kumi na moja jioni. Bibi harusi akazipenda. Afu alipoletewa video akaniambia kaka, mbona hapa gauni jeupe tu, kwenye picha lilikuwa na uhai? Na alikuwa na haki kabisa, amelipia siku moja kapewa siku mbili tofauti.

Sasa video ya dakika 5 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 7,500, huwezi kuzipaka moja moja. Ndo maana nikaingia kwenye nodi, yaani badala ya kurundika leya unaunga waya, picha inaingia huku, inapita kwenye visanduku, inatokea kule, ukishaunga mara moja fremu zote zinapita njia hiyohiyo. Mimi natumia programu ya Blender kwa sababu ni ya bure, Natron nayo ni ya bure. Nikajenga upya kila kitu, nikachagua ovalei ileile, nguvu ileile, picha ikaja nyeusi kama milima ya Uporoto ikiwa imefunga mawingu. Nilihangaika siku kadhaa nikidhani nimekosea waya.

Ili muelewe nini kilitokea lazima tufungue ovalei yenyewe. Kila pikseli, kile kidoti kimoja cha picha, ni namba 3, nyekundu, kijani, bluu, kila moja kati ya 0 na 1. Namna rahisi ya kuchanganya ni maltiplai, inazidisha, basi, 0.5 mara 0.5 ni 0.25, picha inakuwa nzito, na popote leya ilipo nyeupe yaani 1 hakibadiliki kitu. Wazee wa filamu wanaijua hii, ni kama kulaza slaidi mbili juu ya nyingine ukamulika. Skrini inageuza zote mbili, inazidisha, inageuza tena, 0.5 na 0.5 inatoa 0.75. Ovalei inaichungulia picha ya chini kwanza: uko chini ya 0.5? Basi nakuzidisha na leya, mara 2. Uko juu? Nakupa skrini, hesabu yake nayo mara 2. Hadi laiti ni hesabu hiyohiyo ila anayeulizwa ni leya ya juu, kwa hiyo ukipishanisha waya mbili za kuingilia umeshatoka ovalei umeingia hadi laiti bila kujua, angalieni sana hapo.

Kwa hiyo roho ya ovalei ni ile 0.5, na hapo ndo penye shida. Photoshop kwenye kazi zetu za kawaida za biti 8 inafanya hesabu na namba zenye gama, yaani zilizopindwa zikawa juu kuliko mwanga halisi, kijivu cha katikati ni 0.5. Blender ikisoma picha ileile inaondoa gama kwanza, inabaki na namba za mwanga halisi, wanaita linia, na kijivu kilekile kinakuwa kama 0.21. Ovalei haijui hilo, inaendelea kuuliza uko chini ya 0.5? Chukua picha ya mashamba ya chai Rungwe siku ya mawingu, karibu kila pikseli itajibu ndiyo, zote zinapelekwa kwenye kuzidishwa, giza linaingia.

Dawa yake: kabla ya nodi ya kuchanganya weka nodi ya gama 0.4545, kwenye waya zote mbili, picha na leya, changanya, afu rudisha kwa gama 2.2. Inakaribia sana ile ya Photoshop, na ukitaka iwe sawasawa tumia nodi ya kubadili nafasi ya rangi kwenda sRGB, ile yenye gama kamili ya picha za kawaida, na kurudi.

Ila msiweke hiyo gama kila mahali. Blaa ya kung'arisha taa iacheni kwenye linia, mwanga halisi unajumlishana hivohivo. Na kwenye linia namba zinaweza kuvuka 1, taa ya gari inaweza kuwa 3, ukiipiga skrini na 2 hesabu inatoa hasi 1, unapata tobo jeusi katikati ya taa. Hapo tumia kujumlisha.

Hai pasi, ile ya kukaza makali ya picha, nayo haina siri. Picha toa blaa yake, jumlisha 0.5, weka kwa ovalei, makali yanatoka. Ile kutoa inazaa namba hasi, mkiweka tiki ya kubana namba zibaki kati ya 0 na 1 hapo nusu ya makali inapotea. Mimi siku hizi naruka 0.5 na ovalei, nachukua ile tofauti naijumlisha kwenye picha kwa nguvu ninayotaka, ngozi za watu zinatulia zaidi.

Sofuti laiti, namna nyingine ya kuchanganya, ndo ngumu, hesabu zenyewe hazifanani. Leya ikiwa chini ya 0.5 Blender na Photoshop wanapata jibu moja, ikizidi hapo Photoshop inatumia kipeuo cha pili, Blender haitumii. Picha 0.25 na leya nyeupe, Photoshop inakupa 0.5, Blender kama 0.44. Ukiitaka ya Photoshop ijenge mwenyewe kwa nodi za hesabu.

Na msiamini macho. Toa picha moja kutoka Photoshop, ilete kwenye nodi, ichanganye na yako kwa difarensi, yaani moja inatolewa kwenye nyingine, ikitoka nyeusi tupu mmefanana, ongeza mwanga uone kama kuna kilichojificha. Nani ana flashi yenye picha ya harusi? Lete dada, tuanze na yako, umeme ungali upo.