Sumu ya Shimba Hills na Mbebaji Wake

Walimu wangu, wanachuo, na wageni mlioacha shughuli zenu mchana huu, karibuni. Tangazo pale mlangoni linasema nitazungumzia mirija ya kaboni. Nitafika huko, ila nianzie Kwale, pwani ya Kenya.

Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliuhitaji mmea uitwao Maytenus buchananii, ikaupata Shimba Hills. Zilivunwa zaidi ya tani 27. Kilichotafutwa ni maitansini, kemikali ambayo Morris Kupchan na wenzake waliitangaza mwaka 1972 kutoka kwa mmea wa jamii hiyohiyo wa Ethiopia. Kiasi kidogo mno chatosha kuua seli ya saratani. Walipopewa wagonjwa, matumbo yakaharibika, mishipa ya fahamu ikaumia, na saratani yenyewe haikurudi nyuma vya kutosha. Ikawekwa kando.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mmea ulishatoa sumu kali. Aliyekosekana ni wa kuibeba hadi kwenye uvimbe na kuitua palepale.

Tazameni paklitakseli, dawa ya saratani inayotokana na gome la mti wa Taxus brevifolia wa magharibi mwa Marekani. Umbo lake lilichapishwa mwaka 1971 na kundi la Monroe Wall na Mansukh Wani, na mwaka 1992 ikaidhinishwa kutibu saratani ya ovari. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ile ya awali huchanganywa na pombe na kiyeyushi kinachotokana na mafuta ya nyonyo. Kiyeyushi hicho huweza kuleta mzio mkali, ndiyo maana mgonjwa hupewa kwanza dawa za kuuzuia. Yaani tunamkinga mtu dhidi ya chombo kabla hajakipata kilichomo!

Sasa mirija. Chukua tabaka moja la atomi za kaboni, ileile ya kwenye penseli, likunje kama mkeka hadi kingo zishikane. Hiyo ni nanotyubu, ambayo upana wake ni kama nanomita 1, sehemu moja ya bilioni ya mita. Sumio Iijima wa Japani ndiye aliyewafanya wanasayansi waikimbilie, mwaka 1991. Kwenye mrija wa tabaka moja kila atomi iko juu, hivyo nafasi ya kupachika dawa ni kubwa. Ikiwa tupu hugandana, kwa hiyo huvishwa polietileni glikoli, kemikali inayopatana na maji, ili isafiri kwenye damu.

Mwaka 2008 kundi la Hongjie Dai wa Chuo Kikuu cha Stanford lilipachika paklitakseli kwenye mirija ya namna hiyo, likawadunga panya wenye saratani ya matiti. Dawa iliyofika kwenye uvimbe ilikuwa mara 10 ya ile iliyofikishwa na mchanganyiko wa kawaida. Mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa kwa pupa na huvuja. Mirija hupenyea hapo. Ila ini na bandama nazo huidaka kwa wingi.

Mwaka huohuo watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba mirija mirefu ya matabaka mengi, ikiwekwa tumboni mwa panya, huleta mwasho na vinundu kama asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu. Mifupi iliyojisokota haikufanya hivyo. Anayekuuzia nanotyubu bila kukutajia urefu wake, mwache aende zake.

Hadi leo hakuna dawa ya saratani inayobebwa na mirija hii iliyoidhinishwa kwa binadamu. Wabebaji wengine wametangulia. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha paklitakseli iliyopandishwa kwenye albumini, protini ya damu, na kile kiyeyushi kikaachwa. Mwaka 2013 ikawa zamu ya jamaa yetu wa Kwale: Marekani iliidhinisha trastuzumabu emtansini, kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoshika seli za saratani ya matiti zenye wingi wa HER2, protini iliyo juu ya seli, ikiwa imefungwa sumu ya ukoo wa maitansini. Ukali uliowatisha madaktari ndio unaofaa sasa, maana kingamwili moja hubeba molekuli tatu au nne tu. Malighafi yake hutolewa na bakteria kwenye matangi, si kwa kukata msitu.

Naona mama ameuliza kama mtu anaweza kuchemsha gome la mmea ule wa Shimba Hills akanywa. Hapana, mama. Hakuna kikombe kinachoweza kupima kiasi cha sumu hiyo, na ikishamezwa haichagui seli. Mwenye uvimbe aende hospitali, na kama ameshaanza kunywa dawa za miti mingine amwambie daktari bila kuficha, kwa sababu mingine hugombana na kemo, yaani dawa za hospitali za kuua seli za saratani.