Goti likikwama, muulize mgonjwa alikuwa kakaaje

Jamani nitarudia lile lile ninalosema kila nikipewa maiki: majibu safi ya MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, siyo goti zima. Eksirei ndo kabisa, ile inaonyesha mifupa, meniskasi ni gegedu, kipande laini kinachokaa kati ya mifupa ya goti, kimoja upande wa ndani kimoja wa nje, humo huioni.

Kuna fundi vigae mmoja wa Mbagala, kazi yake mnaijua, kutwa kachuchumaa. Akitaka kuinuka goti la kulia linakwama, haliendi halirudi, inabidi akae chini alitikisetikise taratibu mpaka lilie ko! ndo linyooke. Kapiga eksirei, kauza mashine yake ya kukatia vigae apate hela ya MRI, majibu safi, kaambiwa hana kitu. Mwaka mzima nyumbani wanamuona mtegaji! Alipokuja kwangu bahasha niliiacha mezani, nikamwambia nionyeshe linakwama ukikaaje. Akapandisha mguu juu ya goti la pili, vile tunavyokaa barazani, akanishika kidole akakibandika mwenyewe upande wa nje, pale mifupa miwili inapokutana. Hapa dokta. Nikaelewa.

Meniskasi ya nje kwa asili inacheza kuliko ya ndani, na kule nyuma inashikwa na nyuzi ndogo tu. Zikichanika au zikilegea, na wengine hawakumbuki hata kuanguka, ukikunja goti sana inateleza mbele inabanwa, ukinyoosha inarudi. Sasa MRI unapigwa umelala, goti limenyooka, yenyewe imesharudi mahali pake, utaiona wapi? Mtaniambia daktari hafanyi kazi kwa maneno ya mgonjwa anataka ushahidi. Sawa, upo, ingiza kamera ndogo gotini, ivute meniskasi kwa kile kindoano cha kupimia, ikikufuata mpaka mbele kupita kiasi hiyo haijashikwa. Ila utamfikishaje huko mtu uliyeshamwambia hana kitu?

Tiba niseme haraka, naonyeshwa saa. Linalokwama mara moja moja anza na mazoezi ya paja. Likizidi, shona, usikimbilie kukata, ukingo wa nje unapata damu na unaweza kuunga. Daktari Fairbank kule Uingereza alishaonyesha tangu 1948 jinsi goti lililotolewa meniskasi linavyobadilika kwenye eksirei, na mpaka leo nakutana na vijana wa mpira wa ndondo wametolewa meniskasi yote! Ukishashonwa, magongo kwanza, na kuchuchumaa usahau kwa miezi kadhaa.

Yule fundi alishonwa, karudi kazini, ila siku hizi vigae anapanga kakalia kigoda.